Saintpaulia ya kuning'inia: imelegea, haichanui, au moyo wake umejikunja

Saintpaulia ni mmea mdogo wa maua unaofugwa ndani ya nyumba. Ile ya kawaida ina shina fupi na majani yaliyojipanga duara kama sahani. Ile ya kuning'inia hurefusha shina, shina likatoa matawi, kila tawi likawa na moyo wake, mpaka chungu chote kikafunikwa na maua yakashuka pembeni. (Moyo ni pale katikati majani machanga yanapochomoza.) Tabia hiyo ya kutambaa imerithiwa hasa kutoka kwa grotei, mmea wa porini wa Usambara Mashariki.

Huko ndiko mmea huu ulikotoka. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akauelezea kitaalamu na kuupa jina la ukoo huo. Wajerumani hadi leo wanauita kwa jina la Usambara. Tangu 2015 wanabotania wameuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wapandaji wengi wanabaki na jina la zamani, nasi tunalitumia hapa.

Porini saintpaulia huota kwenye miamba yenye kivuli na kuvumwani, mizizi ikiwa imeshika tabaka jembamba la mboji. Mvua hunyesha, maji hupita, hewa hurudi. Sehemu kubwa ya magonjwa yaliyoelezwa hapa chini huanza pale mmea wa mwambani unapolazimishwa kuishi kama mchicha wa bustanini.

Kwa hiyo, dalili yoyote utakayoiona, usikimbilie jagi la maji. Inua chungu kwanza. Chungu cha plastiki chenye udongo mkavu huwa chepesi sana mkononi, na chenye maji huwa kizito. Siku tatu nne zikipita utakuwa umeuzoea uzito wake, na kipimo hicho kinazidi kidole, kwa sababu kidole hugusa juu tu.

Majani yamelegea na kulala

Dalili ni moja, vyanzo ni viwili vinavyopingana.

Chungu kikiwa chepesi, ni kiu. Weka kisahani cha maji ya uvuguvugu chini ya chungu kwa dakika 20 hadi 30, kisha mwaga yaliyobaki. Majani yatanyanyuka ndani ya saa chache. Mchanganyiko (udongo wa kupandia) uliokauka kabisa hukataa maji na kujitenga na kuta za chungu. Hapo uunyweshe kidogo kidogo kwa juu mpaka uanze kunywa tena.

Chungu kikiwa kizito na majani bado yamelala, mizizi imeoza, na maji zaidi yataumaliza mmea. Hili ndilo kosa linaloua saintpaulia nyingi kuliko wadudu wote: mmea unalegea kwa sababu hauna mizizi ya kunywea, mwenye nyumba anadhani una kiu, anaumwagilia, na kesho yake umelegea zaidi. Waharibifu wa kawaida ni vimelea viwili vinavyofanana na ukungu, Pythium kwenye mizizi na Phytophthora kwenye shina na moyo, na vyote viwili hustawi penye maji yaliyotuama. Dawa ya ukungu haifufui mzizi uliokwisha kuoza. Kinachookoa ni kisu:

1. Toa mmea chunguni na uoshe mizizi. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu na mgumu kidogo. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta ngozi ya nje huvuka ukabaki uzi.
2. Pangusa kisu kwa spiriti, kata shina kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu. Endelea mpaka uone nyama ya kijani isiyo na doa hata moja. Pangusa kisu kila baada ya mkato.
3. Doa la kahawia likifika moyoni, tawi hilo limekwisha. Hapa ndipo ile ya kuning'inia inapoizidi ya duara: ina mioyo mingi, na mara nyingi utapata matawi mawili matatu mazima.
4. Ncha unayookoa iwe na urefu wa sentimita 5 hadi 7 na majani machanga 4 hadi 6. Ng'oa majani ya chini na maua yote. Acha kidonda kikauke kwa nusu saa.
5. Chomeka kwenye kikombe cha perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba uliochomwa) na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), nusu kwa nusu, yenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa.
6. Funika kwa mfuko mweupe unaopitisha mwanga na uweke penye mwanga bila jua. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hadi 4. Fungua mfuko polepole kwa muda wa wiki nzima, kwani ukiuvua ghafla majani yatanyauka tena.

Udongo wa zamani usiutumie tena, na chungu kisugue kwa maji ya jiki kabla ya kupandia kitu kingine.

Kuoza kukijirudia, lawama iende kwenye mchanganyiko au ukubwa wa chungu. Udongo mweusi wa bustani, hata ukichanganywa na samadi iliyoiva, hushikamana baada ya miezi michache na kuifungia mizizi hewa. Mchanganyiko unaofaa ni vikombe 2 vya kokopiti, vikombe 2 vya perlaiti na kikombe 1 cha vermikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji). Palipo na pumisi (jiwe jepesi la volkano) ya Bonde la Ufa, ile inayotumiwa na wakulima wa maua Kenya, punje za milimita 3 hadi 6 zinashika nafasi ya perlaiti bila shida. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi nazo hulegeza udongo, ila zisizidi nusu kikombe katika kipimo hicho, maana hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo), na saintpaulia hupenda kati ya 6.2 na 6.8.

Kokopiti ya pwani ina jambo lake. Makumbi ya nazi huja na chumvi, hasa yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari ili kutoa nyuzi. Loweka, kamua, mwaga maji, rudia mara tatu kwa maji ya mvua au ya bomba. Anayeruka hatua hii huona ncha za majani zikiungua ndani ya mwezi na kudhani ni ugonjwa.

Chungu kiwe kipana na kifupi. Kwa mmea mkubwa, upana wa sentimita 12 hadi 15 na kina cha 7 hadi 10 vinatosha, kwa sababu mizizi haiendi chini, inaenda pembeni. Chungu kirefu huhifadhi maji chini mahali ambapo hakuna mzizi wa kuyanywa.

Madoa na kuungua kwa majani

Madoa ya duara au mistari ya njano isiyokolea, iliyojichora juu ya jani kama alama ya tone, ni ya maji baridi. Maji yakiwa baridi kuliko jani kwa nyuzi kama 5 hivi, seli za kijani chini ya ngozi ya jani hufa pale pale. Jani halitapona, lakini halitaambukiza mengine. Acha maji ya bomba yakae ndani ya nyumba usiku kucha kabla ya kumwagilia, jambo ambalo pia hupunguza klorini.

Mabaka ya kahawia makavu upande unaoelekea dirishani ni jua. Hapa watu wa Tanzania na Kenya hudanganywa na miongozo iliyoandikwa Ulaya inayosema dirisha fulani ni salama mwaka mzima. Kwetu jua huhama. Dar es Salaam, Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, Desemba limehamia kusini. Dirisha la kusini lililokuwa na kivuli kizuri Agosti linaweza kuchoma majani wakati wa Krismasi. Dirisha la mashariki lenye jua la saa 1 hadi saa 3 asubuhi ndilo linalobadilika kidogo.

Vikonyo vinavyolainika na kuwa kahawia mahali vinapogusa ukingo wa chungu ni chumvi ya mbolea iliyojikusanya pale. Aina ya kuning'inia huumia zaidi kuliko ya duara, kwa kuwa matawi yake yote hulalia ukingo. Vyungu vya udongo wa mfinyanzi hufyonza chumvi hiyo, kwa hiyo plastiki ni bora, au zungushia ukingo wa mfinyanzi ukanda wa karatasi ya aluminiamu.

Ukimwagilia kwa kisahani siku zote, chumvi hupanda juu na haina njia ya kutoka. Mara moja kwa mwezi mimina maji safi kwa juu, kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yapite yote yatoke chini. Maji ya kisima ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja yenye ladha ya chumvi usiyatumie kabisa. Kinga maji ya mvua. Ndoo mbili zinatosheleza vyungu kadhaa kwa wiki nyingi.

Majani mazuri, maua hakuna

Anza na mwanga. Mmea ulio gizani hunyanyua majani juu, vikonyo vinarefuka na kuwa vyembamba, rangi inakuwa kijani cha kukolea. Wenye mwanga mwingi mno hubana, majani hupauka na kuwa magumu. Kipimo rahisi: saa 6 mchana weka mkono sentimita 30 juu ya majani. Kivuli chenye kingo laini ni sawa. Kivuli cheusi chenye kingo kali ni jua kupita kiasi, na kama huoni kivuli, mwanga ni mdogo. Penye giza, taa nyeupe ya LED iliyowekwa sentimita 25 hadi 30 juu ya mmea na kuwashwa saa 12 kwa siku hufanya kazi vizuri. Usiiache usiku kucha, kwani mmea unahitaji angalau saa 8 za giza.

Mwanga ukiwa sawa, tazama mbolea. Majani mengi, makubwa na laini bila tumba ni dalili ya naitrojeni nyingi. Mbolea za shambani kama urea, CAN na DAP hazina nafasi hapa. Tumia mbolea ya kuyeyuka iliyo sawa, mfano 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango kimoja), robo ya kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, kila unapomwagilia. Soma lebo: kama naitrojeni yake nyingi inatoka kwenye urea, tafuta nyingine, kwa sababu urea huunguza mizizi hii myembamba.

Sababu ya tatu inahusu aina hii peke yake. Maua hutoka kwenye makwapa ya majani mapya. Tawi lisilotoa majani mapya halitoi maua, na shina la zamani lililo tupu haliwezi kukupa kitu. Wengi wamesoma kwamba machipukizi ya saintpaulia lazima yang'olewe. Kanuni hiyo ni ya aina ya duara. Kwenye ya kuning'inia machipukizi ndiyo mmea wenyewe, na ukiyang'oa unabaki na shina moja refu lililopinda. Fanya kinyume: tawi likifikisha jozi 4 au 5 za majani, kata ncha yake kidogo kwa kibano, nalo litatoa matawi mawili au matatu kutoka kwenye makwapa. Acha mioyo isiyopungua mitatu kwa kila chungu, na geuza chungu robo mzunguko kila wiki.

Tumba zikitokea kisha zikakauka kabla ya kufunguka, hewa ni kavu au joto ni kali. Maua yaliyokwisha kufunguka yakipukutika yote kwa siku moja mbili, angalia kama kuna maembe au ndizi zinazoiva karibu. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na maua ya saintpaulia huihisi haraka. Hamisha mmea kutoka jikoni.

Moyo umebana, umejikunja, una nywele nyingi

Majani ya katikati yakiwa madogo, magumu, ya kijivujivu, yamefumbana na kujipinda, kuna uwezekano wa mambo mawili. Punje ndogo za rangi ya kutu zilizoganda moyoni ni mbolea iliyozidi: pitisha maji kama ilivyoelezwa na punguza kipimo nusu. Baada ya wiki 4 majani mapya yatoke ya kawaida.

Yasipotoka ya kawaida, chukulia kwamba ni utitiri wa saiklameni. Una urefu wa kama robo milimita, kwa macho huuoni, na huishi ndani kabisa ya moyo ambako dawa hufika kwa shida. Hupitia mikononi mwako kutoka chungu kimoja kwenda kingine. Tenga mmea mara moja, chumba kingine kabisa, na ushughulikie mimea mizima kwanza kabla ya kuugusa. Kama ni mmea wa kawaida usio na thamani ya pekee, fungia kwenye mfuko na uutupe. Huo ndio ushauri wetu mara tisa kati ya kumi. Ukitaka kuuokoa, dawa yenye abamectini, ile wanayotumia wakulima wa nyanya dhidi ya utitiri, hufanya kazi. Fuata kipimo cha lebo, nyunyiza nje ya nyumba ukiwa na glavu, lowesha moyo wote, rudia baada ya siku 7, mara tatu. Mmea uepushwe na jua mpaka dawa ikauke.

Unga wa njano juu ya maua, na wageni wengine

Chavua ya njano iliyomwagika juu ya petali ni alama ya vithiripi, wadudu wembamba wadogo sana, kwani chavua ya saintpaulia haimwagiki yenyewe. Wao ndio wanaovunja vifuko vya chavua. Pulizia pumzi kwenye ua nawe utawaona wakikimbia, vijiti vya rangi ya majani makavu vyenye urefu wa milimita moja. Ondoa maua na tumba zote, uziweke mfukoni na kuzifunga, kisha endelea kuondoa kila tumba kwa wiki 6 hadi 8. Ukiongeza dawa yenye spinosadi utafupisha kazi, lakini bila kuondoa maua dawa peke yake haitoshi.

Pamba nyeupe kwenye makwapa ni vidung'ata. Mguse kila mmoja kwa kijiti cha pamba kilichochovywa spiriti ya asilimia 70, kila siku ya tano, kwa mwezi. Kuna pia wa mizizini, ambao hawaonekani mpaka utoe mmea chunguni: vipande vyeupe kama punje za mchele zilizovunjika, na mmea umedumaa bila sababu. Wakipatikana, kata ncha na uzioteshe upya kama ilivyoelezwa kwa uozo, na udongo wote utupwe.

Unga mweupe juu ya majani na vikonyo vya maua ni ubwiri unga, wa jamii moja na ule unaosumbua mikorosho ya Mtwara na Lindi ingawa kimelea si kile kile. Huja wakati wa usiku wa baridi na mchana wa joto, hewa ikiwa imetulia. Panua nafasi kati ya vyungu, weka feni ndogo isiyopuliza moja kwa moja, kata maua yaliyoathirika. Kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea na matone machache ya sabuni ya maji katika lita 4 huzuia usienee.

Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinakuambia tu kwamba juu ya udongo hapakauki. Acha sentimita 2 za juu zikauke kila mara kabla ya kumwagilia.

Joto la pwani na baridi ya milimani

Saintpaulia hufurahia nyuzi 18 hadi 27. Januari hadi Machi Dar es Salaam na Mombasa joto la mchana hupita 30, na mmea huacha kuchanua, majani ya chini huwa laini, na uozo wa moyo huja kwa siku mbili tatu tu. Katika miezi hiyo shusha chungu kutoka rafu ya juu hadi karibu na sakafu penye mwanga, mwagilia alfajiri, punguza mbolea nusu, na ng'oa tumba ili mmea usijichoshe. Ongeza perlaiti au pumisi iwe nusu ya mchanganyiko utakapopanda upya. Kumwagilia kwa utambi (uzi unaovuta maji kutoka chombo cha chini hadi kwenye udongo) husaidia wanaosafiri, lakini utambi uwe wa nailoni, maana wa pamba huoza, na msimu wa joto kali uutoe kabisa kama udongo haukauki.

Lushoto na Nairobi tatizo ni Julai. Chini ya nyuzi 15 majani huinama kukumbatia chungu, hukakamaa na kuvunjika ukiyagusa, na ukuaji husimama. Sogeza mbali na kioo jioni, na mwagilia mchana.

Shina tupu lililoning'inia kama kamba

Tawi lenye urefu wa sentimita 20 na majani mwishoni tu limezeeka. Kata ncha, ioteshe, na shina lililobaki ulilalishe juu ya udongo na kulibana kwa kipini cha nywele: mara nyingi hutoa machipukizi kwenye vifundo. Panda ncha tatu au nne kwenye chungu kimoja ili kijae haraka. Upya huu ufanye kila mwaka mmoja au mmoja na nusu, mmea usingoje kuchakaa.

Jani moja nalo linatosha. Kata kikonyo kwa mshazari, bakiza sentimita 2.5, chomeka, na vichanga vitachomoza baada ya wiki 8 hadi 10. Isipokuwa aina yenye petali za mistari ya rangi mbili inayotoka katikati kwenda nje. Hiyo jani lake huzaa maua ya rangi moja, kwa hiyo otesha ncha au chipukizi lake. Omba jani kwa mwenye mmea, wala usiing'oe miambani Usambara: aina kadhaa za porini zimo hatarini kutoweka, na mmea uliozoea mwamba wa msituni mara nyingi haudumu nyumbani.